Stroberi za Shamba la Fermín

Jumamosi ya pili ya Novemba, saa moja asubuhi, Clodomira Catrileo aliosha stroberi za kwanza za msimu katika beseni la bati, akala moja, akapigwa bega la kushoto na kitu kama mpini wa jembe. Aliangukia gunia la njegere. Aliinuka, akafuta maji yaliyomwagika, akala ya pili. Hiyo ilimpiga mbavuni.

Mapigo yote mawili aliyafahamu. Mwezi Agosti alikuwa ameuosha mwili wa mumewe, Fermín, na alama hizo alizipitishia kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. Fermín alikutwa amelala kati ya matuta, upande wa juu wa shamba. Ripoti ya polisi ilisema aliteleza kwenye mteremko. Fermín aliupanda na kuushuka mteremko huo kwa miaka thelathini, mara nyingi akiwa amelewa.

Siku hiyohiyo ya kifo, kwa maelezo ya jirani yao Don Baldomero Urrejola, Fermín alikuwa amemwachia nusu ya shamba kwa karatasi yenye alama ya dole gumba. Hakimu alitoa uamuzi mfupi: kama Fermín aliteleza, karatasi ni halali, kama aliuawa, si halali. Uzio mpya ungejengwa Jumatatu. Clodomira alihitaji mtu mmoja tu aseme mbele ya sajini wa polisi kwamba Fermín aliuawa.

Alimimina divai nyeupe na sukari juu ya stroberi, akatoa mkate uliookwa majivuni, akaweka sahani mezani chini ya mti wa cheri. Stroberi za kijiji chao, Pellinco, ni nyeupe, zenye mbegu nyekundu, na siku ya mchumo wa kwanza majirani huja kusaidia bila malipo. Hakuna anayeingia kwenye matuta kabla jirani wa uzio, yule anayepakana na shamba, hajala. Kwa hiyo Don Baldomero naye alikuwa amealikwa, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kutomwalika.

Alichelewa. Majirani wengine walianza kuonja.

Mzee Nicanor alipigwa mdomoni. Alitema jino kiganjani, akaligeuzageuza.

"Hili lilikuwa linataka kutoka tangu Pasaka," alisema. "Niongeze, Clodomira."

"Pole pole, mzee. Hukualikwa kumaliza beseni," alisema Isolina, dada yake Fermín.

"Nawe mbona umekunjika kama kisu cha mfukoni?"

"Nimepigwa la tumbo. Kaka yangu walimpiga vibaya, jamani."

"Walimpiga," alisema Nicanor.

"Tena sana," walisema wengine, wakipokezana sukari. Mmoja wao alikuwa na jicho lililovimba, mwingine alikuwa akijifunga kiwiko kwa leso. Walikubaliana kwamba za mwaka huu zilikuwa tamu kuliko za mwaka jana, kwa sababu mvua ilikatika mapema.

Don Baldomero alifika kwa lori lake, akiwa ameketi na sajini. Hilo ndilo lori pekee linalopeleka matunda ya Pellinco mjini. Alivua kofia, akampa Clodomira pole ya msiba, akaketi na kuanza kula.

Hakupigwa. Alipomeza stroberi ya kwanza, ngozi ya vifundo vya mkono wake wa kulia ilipasuka. Alipomeza ya pili, ilipasuka zaidi. Kufikia ya tano damu ilikuwa ikitiririka hadi kwenye sahani, na stroberi zilizobaki zikawa za waridi.

"Tamu," alisema. "Mwaka huu umezipatia, mama."

"Mkono una nini, Don Baldomero?" aliuliza Isolina.

"Waya wa uzio."

"Uzio gani, na kazi ni Jumatatu?"

"Isolina, umekuja kuchuma au kuuguza?"

Clodomira aliweka kijiko chini.

"Afande," alimwambia sajini, "hawa wote wamepigwa. Huyu peke yake hapigwi. Yeye kinachomuuma ni ngumi. Mume wangu aliuawa, na hapa kila mtu anajua. Waulize."

Sajini alikuwa amekataa sahani kwa maelezo kwamba yuko kazini. Alifungua daftari, akawauliza mmoja mmoja. Mzee Nicanor alisema jino lake lilikuwa bovu. Mwenye jicho alisema amegonga tawi. Isolina alilitazama lori, ambalo mumewe ndiye aliyekuwa dereva wake, akasema tumbo lilikuwa likimsumbua tangu jana. Sajini aliandika: *mkwaruzo wa waya*. Don Baldomero alifunga mkono kwa kitambaa cha meza, akawaruhusu waingie kwenye matuta.

Mchumo ulikuwa mzuri. Mjini stroberi ziliisha siku ileile. Padri alivunjika ubavu, akaagiza kikapu kingine. Wiki hiyo wanawake wa sokoni walionekana na michubuko iliyopakwa siagi, wakiulizana zitaletwa lini tena.

Jumatatu uzio ulipita katikati ya shamba. Clodomira alibakiwa na matuta machache ya chini, na matunda ya matuta hayo hakuyauza. Kila adhuhuri alikula mawili au matatu kwa mkate: la goti, la taya, la mgongo. Kila pigo alililinganisha na alama aliyoiosha. Kufikia katikati ya Desemba alikuwa amekutana na yote isipokuwa la kisogo. Hapo kisogoni ndipo mfupa wa Fermín ulipovunjika. Kwa mume wa Isolina alipata habari kwamba mjini hakuna aliyekufa, basi pigo hilo lilikuwa halijaliwa na mtu. Ng'ambo ya uzio mashina yalikuwa yameng'olewa na kulimwa upya. Ilibaki stroberi moja, kubwa, kwenye shina la mwisho.

Jumapili baada ya misa, majirani kumi na mmoja walipanda mteremko bila kualikwa. Walimkuta ameiweka kwenye kisahani.

"Usile peke yako, wifi," alisema Isolina.

"Novemba mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa hapahapa, tukiogopa," alisema mzee Nicanor. "Na leo tunaogopa. Kata."

Clodomira alichukua kisu chembamba, akaikata vipande kumi na viwili. Ilichukua muda, kwa kuwa kila mtu alikagua asipunjwe. Wakala pamoja.

Wote walianguka. Isolina alitapika kwenye maua ya njegere. Mzee Nicanor alipoteza fahamu kwa muda wa birika moja kuchemka. Mwanamke mmoja alitokwa na damu masikioni, akaifuta kwa ncha ya shali. Kisha, mmoja baada ya mwingine, waliketi, wakajishika kisogo, wakatazama mteremko.

"Basi walimuua," alisema Isolina.

"Walimuua," walisema wote.

Barabarani lori la Don Baldomero lilipiga honi. Majirani wote kumi na mmoja walikuwa na zamu ya kupakia. Walikung'uta magoti, wakamuaga Clodomira kwa heshima, wakateremka.