Manjano ya Kichina

Mwaka uliofuata Uhuru, magoti yaliponivimba nikawa natembelea mkongojo, mwanangu baharia aliniletea dawa ya mizizi kutoka China. Nikafungua: manjano! Manjano yale yale ya jikoni kwangu, yamevuka bahari kuja kunitibu! Juma zima nikayapaka kwa hasira, mapajani hadi nyayoni.

Jirani yangu Mishi akaniona. Hapa Msambweni anayesingwa manjano ni bibi harusi, basi akapiga vigelegele, wanawake wakajaa uani.

Mimi, mjane mwenye wajukuu!

Alasiri akabisha hodi mzee Chirau, kanzu imenyooshwa pasi.

"Bi Mwanarusi, mume amekwisha kupatikana, au bado?"

Nikainua mkongojo, nikamfukuza. Tulipofika msikitini ndipo nilipokumbuka kwamba mkongojo ule ni wa kutembelea.