Ukuta wa Bi Moshi

Majirani walimwita Bi Moshi, naye hakukasirika, maana jina lenyewe alilitolea jasho. Jiko lake lilikuwa chumba cha giza nyuma ya sebule, chenye kidirisha kisichotosha kupitisha sufuria. Kati ya jiko na sebule ulisimama ukuta mnene, alioujenga marehemu mumewe kwa mikono yake. Upande mmoja watu walikaa wakapiga soga. Upande wa pili mwanamke alikaanga na kukohoa.

Mumewe alipofariki, ndugu zake waliketi sebuleni kufanya kikao. Bi Moshi alikuwa jikoni akiwapikia. Alisikia sauti zikipanda na kushuka, lakini maneno hayakumfikia. Alipoingia kukusanya sahani ndipo akaambiwa juu juu tu kwamba imeshaamuliwa: binti yake aache chuo, akakae kwa baba yake mkubwa. Akaziweka sahani chini, akasema haendi mtu. Binti akarudi chuoni. Lakini tangu siku ile Bi Moshi na ukuta ule hawakupikika chungu kimoja.

Akamwita fundi mmoja aliyeitwa Polepole. Fundi akaugonga ukuta huku na huku, akatikisa kichwa. Alisema ukuta huo ndio uliobeba ghorofa ya juu. Wakiubomoa kienyeji, kitanda cha juu kitatua kwenye mboga. Bi Moshi akamuuliza kama haiwezekani kabisa, au ni yeye tu anayeogopa. Fundi akacheka, akakiri anaogopa, akashauri waite mhandisi.

Mhandisi, mama mfupi asiye na maneno mengi, alipima chini, akapanda juu akapima tena, kisha akawachorea. Ukuta ungetoka, ila kwanza ghorofa iegemezwe kwa nguzo za muda pande zote mbili, halafu iwekwe boriti ya chuma juu ya nguzo mbili imara.

Habari zikamfikia shemeji mkubwa. Akapiga simu kusema kuubomoa ukuta ule ni kumzika kaka yake mara ya pili. Wengine katika ukoo wakamsihi Bi Moshi afikirie watu watasemaje. Akawajibu kwamba hao watu hajawahi kuwaona wakija kumsaidia kumenya vitunguu.

Kazi ikaanza. Nguzo za muda zilikuwa zimeshasimama, na matofali ya juu yameshaanza kutolewa, shemeji alipoingia bila hodi. Akavuta kiti, akakiegemeza ukutani, akaketi, akamwamuru fundi akusanye vifaa vyake. Polepole akashusha nyundo. Mhandisi akamweleza shemeji kwamba ukuta ulioachwa nusu ni hatari kuliko mzima. Shemeji akamwambia hakuna aliyemuuliza.

Bi Moshi akatoka jikoni, kitambaa kichwani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shemeji, naomba usogee."

"Hii ni nyumba ya kaka yangu."

"Kaka yako alikuwa mume wangu, na nimemlilia kuliko wewe. Lakini aliyekuwa akikohoa humu ndani ni mimi. Ukuta unatoka leo. Sikuombi ruhusa, nakuomba usogeze kiti."

Shemeji akakunja mikono kifuani. Basi Bi Moshi akaichukua nyundo mkononi mwa fundi, akaenda ncha ya mbali ya ukuta, pale mhandisi alipomwonyesha kwa kidole, akapiga. Pigo la kwanza lilitoa vumbi tu. La pili likang'oa tofali, nalo likaangukia upande wa sebule.

"Mama, utajiumiza bure," alisema Polepole taratibu. "Nirudishie nyundo yangu."

Akaipokea, akaendelea mwenyewe. Tofali baada ya tofali, uwazi ukasogea kuelekea kwenye kiti, hata shemeji akainuka, koti limekuwa jeupe, akatoka bila kuaga.

Boriti ikapandishwa, ikakalishwa, ikakazwa. Siku ya kuondoa nguzo za muda, chuma kilitoa mlio mzito na plasta ikamwagika kutoka darini. Binti akakimbilia uani. Bi Moshi aliambiwa mapema kwamba boriti ingeshuka kidogo ikibeba uzito. Alibaki pale pale, chini yake, ameinua uso, mpaka mhandisi alipopima na kusema imetulia kama ilivyotakiwa.

Shemeji akatangaza kwamba hatakanyaga nyumba ile mpaka ukuta urudishwe. Wengine walikuja, wakakaa, mmoja akalalamika kwamba viti vinanuka vitunguu. Bi Moshi akamwambia atazoea, kama alivyozoea yeye.

Jioni moja binti alimuuliza kama ampigie baba mkubwa simu, amwombe msamaha.

"Msamaha wa nini? Msalimie," alisema mama yake, akigeuza mboga. "Mwambie mlango hatukuubomoa."