Mji Mkuu Wenye Maghala Mia Mbili

Kila asubuhi, kabla ya chai, nilikuwa nikiupangusa mji mkuu kwa unyoya wa kuku. Nilianzia mahakamani, nikashuka na barabara kuu, nikauzunguka ukumbi wa mikutano uliofanana na bakuli lililofunikwa, nikamalizia kwenye ziwa, ambalo lilikuwa kipande cha kioo cha buluu. Kazi ya dakika kumi. Mji wenyewe ulikaa juu ya meza mbili katika ofisi yetu ya mipango pale Embu, na ulikuwa wa kadibodi, plasta na njiti za kiberiti. Aliyeubuni ni Mzungu mmoja aliyekaa nasi miezi minane, akajifunza kula githeri, akarudi kwao. Mimi nilitoka chuoni moja kwa moja nikaajiriwa kunakili michoro yake, na kwa miaka miwili sikuchora kitu kingine. Nilijua kila nguzo. Niseme tu kwamba niliupenda, ingawa mpaka leo haujajengwa.

Asubuhi moja unyoya ulikuwa umefika barabara kuu Bosi alipoingia mbio.

"Makandi! Wamefika!"

"Nani, Bosi?"

"Wenye ardhi! Niliwaambia waje Alhamisi, wamekuja leo. Nyamu yuko wapi?"

Nyamu, mkalimani wetu, alikuwa Karurumo na mbuzi watatu wa mahari ya ndugu yake. Nilimwambia Bosi hivyo. Akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye unyoya.

"Basi utatafsiri wewe."

"Mimi ni Mmeru wa Muthara, Bosi. Wale ni Wambeere wa kule chini."

"Si mnaelewana?"

"Tunaelewana kiasi."

"Kiasi kinatosha. Weka kuku chini."

Bosi alikuwa mtu wa Mombasa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi cha kutufanya sisi wa milimani tuogope kufungua midomo. Ukikosea neno, alikunja uso kama aliyetafuna mchanga. Kwa hiyo mbele yake nilikuwa nikisema nusu ya niliyokuwa nayo, na nusu nyingine naimeza.

Waliingia watu saba. Mbele alikuwa Mzee Ngari, aliyevaa koti la mvua siku ya jua kali, na nyuma yake Mama Peninah, mjane mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliyelima ndengu kwenye kona ya kijito. Shamba lake nililijua kuliko nilivyomjua yeye. Nilikuwa nimeichora mipaka yake kwa kalamu yangu mwenyewe.

Bosi alisafisha koo. "Mabibi na mabwana, serikali imekusudia kuwajengea mji mkuu wa mkoa, mji wa kisasa usio na kifani."

Akanigeukia. Saba wale nao wakanigeukia. Sasa, sisi Wameru tuna neno mucii, na Wambeere wanalo pia, na ukilisikia haraka ni pacha wa mji. Kwa hofu nilishika lililokuwa karibu.

"Serikali," nikasema, "inataka kujenga mucii mkubwa."

Nilisahau kabisa kwamba mucii si mji. Mucii ni boma la mtu mmoja: nyumba yake, jiko, zizi na mke.

Wazee walitazamana. Mzee Ngari akaizunguka meza polepole, mikono nyuma.

"Ni mucii wa nani?" akauliza.

"Anauliza nini?" akasema Bosi.

"Anauliza... ni wa nani."

"Wa wananchi wote!"

Nikatafsiri. Mzee Ngari akatikisa kichwa. "Hakuna boma la watu wote. Mwenyewe anaona haya kujitaja. Ana wake wangapi?"

Hilo sikumpelekea Bosi.

"Na haya?" Mama Peninah akaonyesha majengo ya ofisi, yale marefu yaliyosimama juu ya nguzo ili upepo upite chini. "Haya ni maghala. Ngari, ona. Yana miguu, panya hawapandi."

"Ni maghala kweli," akasema Ngari. Akaanza kuyahesabu kwa kidole, akachoka alipofika sitini.

"Yako mia mbili," nikamwambia, kwa kuwa nilijua.

"Mia mbili! Huyu mtu analima nini?"

Walicheka, na mimi nikacheka, na Bosi, asiyejua tunacheka nini, akacheka kwa adabu. "Naona wameufurahia," akaninong'oneza. "Waeleze kwamba mji huu hauna ukuta wala lango. Ni wazi kwa kila mtu."

Nilipowaambia, kicheko kilikatika.

"Boma bila lango?" akasema Ngari. "Na fisi?"

"Wana wasiwasi gani?" akauliza Bosi.

"Fisi," nikasema.

"Fisi?" Bosi alifikiri kidogo. "Waambie kutakuwa na taa za umeme."

Taa ziliwaridhisha. Ziwa liliwaridhisha zaidi. Kule chini watu huchimba mchanga wa kijito kutafuta maji. Mama Peninah alikiinamia kile kioo mpaka akajiona uso.

"Bwawa," akasema. "Mwari," akaniita, yaani binti, "huyo mwenye boma atatuzuia kuchota?"

"Sidhani, mama."

"Basi mimi nimekubali. Mtu mwenye maghala mia mbili na bwawa ni jirani mwema. Mimi nitakuwa na ndengu zangu pale kando, yeye na boma lake. Mwaka wa njaa nitampigia hodi tu." Akawageukia wenzake. "Au mnaogopa jirani tajiri? Ngari, wewe unaogopa atamwona mkeo?"

"Atamwona, na atamrudisha," akasema Ngari, na chumba kizima kikalipuka.

Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa nimesikia maneno mawili: pale kando. Ndipo kichwa changu kilipofunguka. Watu hawa walidhani boma moja linakuja kukaa miongoni mwao. Na kona ya kijito, nilikojaza wino kwa uangalifu miezi kadhaa nyuma, ilikuwa katikati kabisa ya ziwa. Shamba la Mama Peninah lilikuwa chini ya kioo alichokuwa akijitazamia.

"Wamekubali?" akauliza Bosi.

"Wamekubali," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Furaha ilimfanya Bosi asahau chai. Alifungua faili, akatandaza karatasi ya idhini, akanipa kisahani cha wino niwashikie. Nilikuwa bado katika kipindi cha majaribio. Barua ya kuthibitishwa kazini ilikuwa mezani kwake, imebaki sahihi. Na mji ulikuwa pale, mweupe, bila vumbi hadi nusu ya barabara kuu. Kidole gumba kimoja baada ya kingine, na siku moja ningetembea katika barabara niliyoichora.

Mama Peninah alikuwa wa kwanza. Alikunja mkono wa sweta, akanyoosha kidole gumba. Kilikuwa kimepasuka, na udongo umeingia kwenye mipasuko.

"Kishike vizuri, mwari, kisije kikanichafulia gauni la kanisani."

Nilirudisha kisahani kifuani mwangu. Wino ukanimwagikia blauzi.

"Makandi?" akasema Bosi. "Vipi?"

"Mama," nikasema, na sauti ilitoka kubwa hata wazee wakarudi nyuma hatua moja, "nilikosea neno. Si mucii. Ni taoni, mji wa watu wengi. Ni kama Embu nzima, na Embu nyingine juu yake. Haya si maghala, ni nyumba za watu na maofisi. Na hili bwawa, mama, hapa ulipojiona uso, ndipo shamba lako lilipo. Nililichora mimi. Hawaji kuwa majirani zako. Wanataka uhame."