Mama Mkuu wa Wenye Kiu

...na hata kama ni mumiani, ni mumiani wa kusemwa kwa mdomo na kurushiwa dadu, hawana meno, hawana hata kivuli, sasa mtu mzima na akili zake anaogopaje kitu kinachokaa mezani kwa kina rafiki yake Pendo kati ya vikombe vya chai, Zaituni aliwaza, akapaka mikono majivu upya, akaweka korosho juu ya jiwe, akaigonga, ikapasuka vibaya, kiini kikatoka vipande, akavisukuma chini ya mkeka kabla mama yake hajaona, maana wateja wanataka nzima, kila mtu anataka nzima, na hapo upande wa pili wa mkeka Bi Halima, kungwi wake, aliyemweka ndani na kumfunza unyago mwaka juzi, amekaa tangu alasiri na maji aliyopewa hajayagusa, na Bi Halima akikataa maji ya nyumba ujue hakuja kusalimia... mama alikuwa anasema, kwa ile sauti ya chini ya kusikika, kwamba aibu hii hajui ataipeleka wapi, kwamba bombani wanamcheka, Mama Hemedi kawaambia wenzake wafunge kuku wao mapema kwani mtoto wa Mama Zuberi kaanzisha dini ya wanyonya damu, ndiyo maana kanawiri na chakula hali, na wote wakacheka mpaka ndoo zikamwagika, lakini hilo la kuku si kitu, Mama Zuberi, hilo watalisahau, alisema Bi Halima, kubwa ni ule wimbo... ule wimbo, ule wimbo, kama Pendo angefunga mdomo wake siku ile akikinga maji, lakini Pendo hajui kufunga mdomo, kaimba mbele ya wanawake wote, na alipoulizwa kautoa wapi akajibu kwa furaha kabisa kwamba ni wimbo wa mumiani wa Zaituni, na Pendo hakuchezwa unyago, kwao Songea, baba yake kaletwa huku na kazi ya bandari tu, atajuaje... lakini ule si wimbo wa siri za ndani, Zaituni alitaka kupiga kelele, ule ni wa kutolea mwali nje, unapigwa na ngoma barabarani mchana kweupe, hata watoto wa kota za bandari wanaufuata wakirusha mikono, ya ndani hakuyagusa, hata moja, na nani amemuuliza, hakuna, wameshapanga, wameshahukumu, kama walivyopanga siku mama alipovunjika mguu na mtu wa kubangua akatakiwa, akatolewa yeye kidato cha pili, nduguye Zuberi akabaki darasani, Zuberi anayelala juu ya daftari, na hapo napo hakuna aliyemgeukia kumwambia wewe unaonaje... akagonga nyingine, hii ikatoka nzima, haikumfurahisha... na Fredi, kaka yake Pendo, aliporudi likizo kutoka shule ya bweni na zile kurasa za kudurufu, za Kiingereza, akawaeleza mchezo, yeye anasimulia, wao kila mmoja ana mtu wake wa kumsemea, mnajikuta katika mji wa mumiani na dadu inaamua nani apone, ni Zaituni aliyekaa na kamusi akazifasiri, yeye aliyeachishwa shule, si wao, na dhehebu la Wenye Kiu kwenye karatasi lilikuwa mistari mitatu tu, mumiani wanaosali, wanaoamini kwamba kiu yenyewe ndiyo ibada, basi, mengine yote kayatia yeye, kwamba wanafunga, kwamba humwomba radhi mtu kabla ya kumgusa shingo, kwamba mgeni wao huwekwa ndani, akafunzwa, akatolewa kwa ngoma na nguo mpya, angetia nini kingine, mtu hupika kwa kilichomo jikoni mwake, na mtu wake akawa Mama Mkuu wa dhehebu, na kila Jumamosi Fredi humgeukia akauliza, Mama Mkuu anasemaje, na meza nzima ikanyamaza, ikanyamaza kweli, wakimngoja yeye... "Kesho kutwa utakwenda Madimba kwa bibi yako," mama alisema, sasa kwa sauti, "ukapalilie mikorosho, likutoke kichwani hilo..." Madimba, Jumamosi haipo Madimba, na Fredi alishasema asiyekuja mtu wake anapewa mwingine, atapewa Pendo, Pendo atamfanya Mama Mkuu acheke ovyo na kuolewa, yote hayo kwa wimbo ambao hata mbuzi wa hapa Ufukoni wanaujua, angalau wangemuuliza, angalau mmoja... "Ngoja kwanza, Mama Zuberi," Bi Halima alisema, akasogea, magoti yake yakalia. "Mwali wangu, mimi sikuulizi umesema nini, nakujua nilivyokufunza. Yule kijana alikuuliza nini?"

Jiwe likabaki hewani. Aliuliza... aliuliza yaliyomo ndani, bila shaka, mgeni mmoja wa kwenye hadithi yake alitaka kuingia dhehebu, lazima ajue mgeni anafunzwa nini, na Mama Mkuu akamjibu hilo hujui mpaka ufe, wakacheka, na Jumamosi ya pili akauliza tena, wakacheka kidogo, na ya tatu Pendo alikwenda jikoni kuchukua sukari, na Fredi akasogeza kiti, akasema taratibu, niambie basi, kwani mnafundishwa nini mle, na dadu ilikuwa mezani, hakuishika, hakusema Mama Mkuu... alisema Zaituni. Hakuwa anamuuliza Mama Mkuu. Na yeye alifurahi, ee Mola, hilo ndilo lililomchoma sasa kuliko mafuta ya maganda ya korosho yanavyochoma vidole, alifurahi kuulizwa, alifungua kinywa, maneno yalikuwa tayari mlangoni, Pendo akarudi na sukari... wiki nzima amekasirika kwamba wanamshuku bure, na kumbe kilichosimama kati yake na kuyatoa ya ndani kilikuwa bakuli la sukari, na ile meza iliyokuwa inanyamaza, ilikuwa inamngoja yeye, au ilikuwa inangoja siri za ndani... Mama amepinda shingo kusikiliza, Bi Halima hajasogea, hamhimizi, anamtazama tu kama mtu mwenye siku nzima, na maji yake bado hayajaguswa, na Zaituni, kabla hajapata neno la kwanza, akajua kwamba Jumamosi hataenda, Madimba au si Madimba, na kwamba safari hii hakuna aliyemkataza.