Mguu Usio na Mjadala

Kazi yangu ni kuchambua miguu. Sitii chumvi. Kwenye chuo chetu cha udaktari walimu wanafundisha na wanafunzi wanakariri, lakini anayeshika kisu siku tatu kabla yao, akatoa ngozi na mafuta ya maiti ili kila msuli, kano na neva ionekane, ni mimi. Mikono na vichwa vina mtu wao. Mimi nilikabidhiwa kuanzia nyonga hadi kucha, mwaka wa ishirini na mbili huu, na wanafunzi wananiita Fundi Miguu. Wanadhani sijui.

Kwenye mguu, kinachowatoa jasho wanafunzi ni neva ya upande wa nje wa goti. Inashuka nyuma ya paja, inakuja kuzunguka shingo ya mfupa mwembamba chini kidogo ya goti, karibu kabisa na ngozi, hata ukipapasa wa kwako utaisikia ikiteleza chini ya kidole. Hapo kwenye shingo ndipo shina linagawanyika matawi mawili. Tawi moja linaenda mbele na kazi yake ni kuinua wayo. Lingine linabaki nje na kazi yake ni kuupinda wayo upande. Ndivyo kitabu kinavyosema. Bahati mbaya maiti hawakukisoma.

Miaka kumi na mitano iliyopita nilipata mguu ambao shina liligawanyika mapema, huko juu nyuma ya paja. Tawi la mbele lilishuka peke yake, limejificha ndani ya mafuta, jembamba kama uzi wa kushonea viatu. Niliuweka mguu huo kwenye meza ya mtihani hivyo hivyo, tena kwa fahari. Nusu ya darasa wakajibu hivi, nusu vile, wakalalamika, na swali zima likafutwa. Mkuu wa idara akaniita ofisini.

"Fundi," akasema, "mguu wa mtihani usiwe na mjadala."

Maneno yakaniingia. Tangu siku hiyo, nikikuta tawi la namna ile, nalikata sehemu ya juu, naitupia kwenye ndoo ya mafuta, halafu ncha ya chini naibandika kwenye shina kwa tone moja la gundi, palepale kwenye shingo ya mfupa. Ukitazama, ni picha ya kitabuni. Mabaki ya ndoo huzikwa pamoja na mwili wenyewe, maana sheria ndivyo inavyotaka na mimi sheria naifuata. Kazi hiyo niliiita kusafisha. Hakuna aliyewahi kuniuliza, na sifa nilizipokea bila aibu.

Sasa nina mdogo wangu wa kike, dereva wa lori la mafuta, ambaye wenzake wanamwita Gia. Anaongea kwa sauti ya kushindana na injini hata akiwa mezani anakula. Mwaka huu aliota uvimbe mdogo kama gololi upande wa nje wa goti la kulia, juu kidogo ya ule mfupa mwembamba. Haukuwa na hatari, ila safari ndefu zilikuwa zinamuumiza. Akanipigia simu.

"Kaka, wewe si ndiye mwenye miguu yako. Nani anitoe hiki kidude?"

Nikamtajia daktari mmoja wa upasuaji aliyepita mikononi mwangu. Darasani walimwita Kamusi kwa jinsi alivyokuwa akikariri, na kwenye mtihani wa mguu alipata alama zote. "Mtoe wasiwasi," nilijisemea kwanza, kisha nikamwambia kwa mdomo mpana: "Huyo amesomea miguu yangu."

Upasuaji ulichukua dakika arobaini. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, bandeji gotini, ameukunjia uso mguu wake.

"Umegoma huu," akasema. "Nauambia nyanyuka, unanitazama tu."

"Pinda wayo uende nje."

Ukapinda vizuri.

"Uinue."

Hakuna kilichotikisika, hata kidole. Nikachukua kalamu nikamgusa kwenye ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha pili.

"Unasikia?"

"Nisikie nini?"

Nikaelewa papo hapo. Pale uvimbe ulipokuwa, kitabu kinasema kuna shina tu. Kisu kikikosea pale, matawi yote mawili yanakwenda. La kwake moja lilikuwa zima na lingine limekatika. Maana yake mdogo wangu alizaliwa na mguu wa ndoo, wa shina lililogawanyika mapema.

Kamusi alinivuta kwenye korido. Hakumumunya maneno. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shina nililiona, Fundi. Nililisogeza kando nikalilinda kama yai. Kulikuwa na kauzi kengine ndani ya mafuta, nikakakata. Pale juu hakunaga kitu. Mguu gani umewahi kuuona una kitu pale?" Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Kesho kutwa tunafungua tena tuunganishe. Inaweza kushika, inaweza isishike. Mpaka mwaka uishe ndiyo tutajua. Nimemharibia mama wa watu kazi."

"Ni bahati mbaya," nikamwambia.

Hilo ndilo nililosema. Nilikuwa na maneno mengine, nikayameza, nikarudi chumbani nikiwa na haraka ya mtu aliyeiba.

Gia alikuwa bado anajaribu kuinua wayo. Jasho lilikuwa limemtoka.

"Daktari anasema nimeumbwa tofauti, eti hakuna ambaye angejua. Kweli, kaka? Maana mguu wa kulia usiponyanyuka, hautoki kwenye pedali ya mafuta kwenda kwenye breki. Hapo sina lori. Sina kitu." Akaniangalia. "Wewe umefungua miguu kuliko watu wote. Ulishaona wa hivi?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna shahidi hata mmoja.

"Nimeona."

"Mingapi?"

"Sita."

"Kwa hiyo ipo! Iko wapi, si akaitazame?"

"Haipo tena. Hiyo neva nilikuwa naikata, naibandika na gundi ifanane na kitabu, wanafunzi wasichanganyikiwe. Mguu aliofanyia mtihani daktari wako ulikuwa mmojawapo."

Gia aliacha kuujaribu mguu, akaukalisha sakafuni kwa mikono yake miwili. Nilitamani anitukane.

"Umeshamwambia?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo.

"Bado."

"Kamwambie. Huyo kijana yuko huko nje anajiona muuaji, na kesho kutwa ndiye atakayenishika tena. Mimi mikono inayotetemeka siitaki ndani ya mguu wangu." Akavuta pumzi. "Lakini nivishe kiatu kwanza. Nataka kwenda msalani, na kukivaa peke yangu nimeshindwa tangu alfajiri."

Nikapiga magoti. Nimebeba miguu mingi, uzito wake naujua kabla sijaugusa, na huu ulikuwa mzito vilevile, umelegea vilevile. Ila ulikuwa na joto. Vidole vilijikunja kila nilipousukuma ndani, ikabidi nivinyooshe kimoja kimoja kwa mkono wangu, yeye akitazama ukutani. Nikafunga kamba. Nikamwomba msamaha nikiwa bado chini.

"Nenda ukamwambie," akasema.