Sakafu ya Mzee Othmar

Baba yangu, Mzee Othmar, alitengeneza boti arobaini na tatu kwa mikono yake, na ya mwisho kabisa, hii yangu, alifika mahali akakataa kuipanda. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akaniambia nilipagawa na urembo. Watu wa kijiji chetu wana midomo. Waseme wanavyotaka, lakini wajue kwanza ilivyokuwa.

Kiharusi kilimpiga mwezi wa pili. Upande wa kulia wote ukafa, na maneno yakakatika. Alibakiwa na mkono wa kushoto, mguu wa kushoto, na sauti moja tu, "aa", ambayo ilikuwa ndiyo, hapana, nina njaa, na ondoka hapa. Daktari wa Mbamba Bay akaagiza apelekwe kila mwezi, kwa ajili ya dawa za presha na kwa ajili ya mtaalamu wa mazoezi anayekuja kutoka Songea kila Alhamisi ya kwanza. "Akiacha, Sixbert, kitampiga cha pili," aliniambia, "na cha pili hatakiweza." Sasa kwetu gari halifiki. Inafika bodaboda, na mtu aliyepooza nusu utamkalishaje kwenye bodaboda? Njia yetu ni ziwa.

Tulimpeleka mara nne, mimi nimembeba mgongoni. Mara ya nne nikateleza. Boti zetu ndani ni mataruma matupu, zile mbavu za mbao, na katikati yake maji ya kisigino yaliyochanganyika na mafuta ya usipa, dagaa wetu wa ziwani. Tukaanguka wote wawili mbele ya wanawake waliokuwa wanafua. Hakuumia. Lakini mmoja alicheka, na baba akamsikia. Fundi mzima, mtu aliyekuwa akitembea juu ya ukingo wa boti huku anavuta sigara, amelala chali kwenye maji machafu ya boti aliyoitengeneza mwenyewe! Mwezi uliofuata alishika mwimo wa mlango kwa ule mkono mmoja, na hatukuweza kumtoa. Mwezi mwingine vilevile. Dawa nilikwenda kumchukulia, lakini mazoezi hayachukuliwi kwenye bahasha, na mguu wake mzuri nao ulianza kulegea. Nilikuwa naogopa, sitaki kujifanya. Nilikuwa naamka naogopa na kulala naogopa.

Ndipo siku moja pale Mbamba Bay nikaona boti ya kubeba wageni. Sakafu yake ilikuwa tambarare kama ya sebuleni, rangi ya kahawia, na mistari myeusi imepita katikati. Mzungu mnene alikuwa anatembea juu yake na miguu yenye maji, wala hatetereki. Nikamuuliza nahodha, mbao hizo za mtiki mmezipata wapi? Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mtiki gani, kaka? Plastiki hiyo. Imetengenezwa ifanane tu." Kesho yake nikapanda gari kwenda Mbinga.

Anayeuza vitu hivyo Mbinga ni mzee Swalehe, ambaye babu yake alitoka Kilwa na duka lake lina kila kitu isipokuwa nafasi ya kusimama. "Shikamoo, mzee Swalehe." "Marahaba, baba. Mzee anaendeleaje?" Nikamweleza shida yangu yote, mpaka ile ya kuanguka. Hakucheka. Alinitolea aina mbili. Moja laini kama sponji, ina gundi yake mgongoni, unabandua karatasi unabandika. Nyingine ngumu, vipande virefu, gundi unapaka mwenyewe. "Hiyo laini fimbo ya mzee itaitoboa kwa wiki moja," akasema. "Chukua ngumu. Ila gundi yake haipendi maji wala mafuta. Mbao ziwe kavu kama unga. Lakini ikishashika, baba, huibandui. Utavunja ubao, gundi itabaki."

Nikamwambia hiyo ndiyo ninayoitaka. Akanikatia sampuli tatu nimpelekee mzee achague.

Nikazipanga barazani, nikazimwagia maji. Baba alikaa kwenye kiti chake, akavua kandambili, akazipapasa moja moja kwa mguu wake mzuri. Ile ya rangi ya asali iliteleza mno, akaisukuma pembeni. Ile ya kahawia, nzuri kuliko zote, ilikuwa imekaa juani kidogo tu. Aliikanyaga akaondoa mguu haraka, imeshamchoma. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, ina mikwaruzo kama ulimi wa paka. Aliikwangua kwa ukucha wa kidole gumba kama alivyokuwa akikagua mbao zamani. Kisha akashika fimbo, akasimama juu yake. Maji yanachuruzika, yeye amesimama. "Utakwenda, baba?" nikamuuliza. "Alhamisi ya kwanza, nikikuwekea hii, utapanda kwa miguu yako?" Akaniangalia sana. Akatikisa kichwa, ndiyo. Mke wangu Ephrasia aliangua kigelegele hapo hapo mlangoni.

Basi nikapandisha boti nchi kavu, juu kabisa, jua la mwezi wa tisa. Wiki tatu. Nikasugua mafuta ya usipa kwa sabuni, kwa msasa, kwa tina ya rangi, mpaka mbao zikawa nyeupe. Juu ya mataruma nikapigilia plaiwudi ili pawe tambarare. Kazi ya fundi niliikimbia ujanani, baba alinitukana miaka kumi kwa sababu hiyo, lakini safari hii niliifanya kwa mikono yangu na sikutaka msaada wa mtu. Vile vipande nilivilaza kwanza bila gundi, usiku mmoja, vinyooke. Nikavipiga alama kwa chaki. Nikapaka gundi kwa mwiko wenye meno, kipande baada ya kipande, kutoka katikati kwenda pembeni, nikavigandamiza kwa magunia ya mihogo mikavu. Mistari ilinyooka jamani! Watoto walikuja kuikanyaga nikawafukuza kama kuku.

Kulikuwa na tatizo moja. Nyuma, karibu na injini, kila boti ya mbao ina pa kuchotea maji. Mbao zinavuja, hata ya fundi gani, na mtu wa nyuma anaangalia pale na kuchota kwa kopo. Nilikuwa nimepaachia tundu na mfuniko. Lakini mfuniko ulinyanyuka kiasi cha kidole, na kile kidole kilikuwa mahali hasa ambapo baba angeburuta mguu wake wa kulia akienda kukaa. Nilijaribu kuuchonga, haukukaa. Mzee Swalehe alisema kuna mifuniko maalumu inayolala sawasawa na sakafu, ataniagizia, wiki mbili. Nikaona basi, nitalifunika kabisa kwa sasa, mfuniko ukija nitalikata upya. Nikapaka gundi, nikapitisha vipande juu.

Jumanne kabla ya safari akaja baba mdogo Stephano, aliyejifunza ufundi kwa baba. Akaizunguka boti. Akachungulia chini, akaingiza ukucha kati ya ubao na ubao.

"Sixbert, hii imekauka. Ukucha unaingia."

"Imekauka ndiyo. Gundi inataka pakavu."

"Sawa. Sasa izamishe. Itie mawe, iache maji ya magoti siku nne, mbao zivimbe zizibane. Baba yako hakuwahi kushusha boti iliyokaa juani bila kuizamisha."

Hilo nilikuwa nalijua kabla sijajua kusoma. Nimebeba mawe hayo utotoni mpaka bega likachubuka. Lakini hesabu nikaipiga: siku nne ni Jumamosi. Alhamisi imepita, mtaalamu amerudi Songea, mwezi mzima tena, na baba amekwishakubali. Akighairi je? Na gundi nayo ilikuwa ya jana, ningeizamisha kwenye matope na mawe juu yake? Nikamjia juu. "Baba mdogo," nikamwambia, "nenda kawafundishe usipa kuogelea. Hii boti naijua." "Na pa kuchotea maji umeacha wapi?" akauliza. Nikamwambia mfuniko wa kisasa unakuja. Akaondoka bila kuaga.

Jioni ile nilimwagia mbao ndoo ishirini za maji kwa nje. Nilifanya hivyo ili nafsi yangu ininyamazie, na ikaninyamazia.

Alhamisi asubuhi ziwa lilikuwa limelala kabisa. Baba alivaa kanzu yake ya Pasaka. Alikanyaga ubao wa kupandia, upande wa nyuma, fimbo mkono wa kushoto, mimi nyuma yake nimetanua mikono bila kumgusa, na akaingia. Akaburuta ule mguu juu ya sakafu ya kijivu, hatua sita, saba, akakaa mwenyewe. Wale wanawake wanaofua walisimama wakapiga makofi. Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu. Kabla hatujaondoka alinyoosha fimbo nyuma, pale karibu na injini, akaniangalia. "Aa?" Nikamjibu, "Nimepaziba, baba, usijikwae."

Tulikuwa watatu: mimi kwenye injini, baba katikati, Ephrasia pembeni yake. Kila mara nilitazama chini kwa mazoea, na kila mara paliniambia ni pakavu. Sakafu safi, haina hata tone. Tulipopita miamba ya kwanza boti ikawa nzito kidogo. Nikalaumu petroli.

Baba akaanza kugonga. Aliinama, akaikunja ngumi ya kushoto, akagonga sakafu. Pa, pa, pa. Akaniangalia. Nikacheka. "Imeshika, baba! Umeona? Imeshika kabisa!" Akagonga tena, mahali pengine, karibu zaidi na mimi. Akatega sikio, akagonga. Macho yake yakajaa machozi.

"Baba Glorious," Ephrasia akaniambia, "baba anasema kitu."

"Anafurahi, mama Glorious. Mwache afurahi."

Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na mimi nilipomwona analia, Mungu anisamehe, nikalia na mimi. Nilidhani tumepatana, yeye na mimi, baada ya miaka yote ile. Nikamwambia, "Asante, baba." Akapiga kelele, "Aaa!", akaipiga sakafu kwa fimbo mpaka fimbo ikakatika.

Injini ikameza maji ikazima. Hapo ndipo nilipoona kwamba nyuma tumeshuka, ukingo uko kiganja kimoja juu ya ziwa. Nikaruka, na boti ikatikisika, na chini ya miguu yangu nikasikia maji mengi yanakwenda na kurudi. Nikachomoa kisu nikaishambulia ile sakafu pale nilipoziba. Kisu kilikwaruza tu. Nikaingiza ncha pembeni, nikainua, kisu kikakatika. Nikatumia kucha. Kucha mbili ziling'oka, kipande hakikunyanyuka hata unywele. Kopo la kuchotea maji lilikuwa mkononi mwa Ephrasia, na hakuwa na pa kulichovya.

Jaketi la kuokolea lilikuwa moja. Nikamvalisha Ephrasia, hajui kuogelea. Baba nilimshika mwenyewe, kifua changu mgongoni mwake, mkono chini ya kidevu, dumu tupu la petroli upande wa pili. Boti ilizama polepole, matako kwanza. Kanzu ya baba ilijaa maji ikawa nzito kama gunia la mchanga. Kila nilipomnyanyua kilitokea kikohozi kimoja, kisha kikawa hakitokei. Watu waliokuwa wanapeleka mihogo Mbamba Bay walituona, wakaja kwa kasia, sijui ni saa ngapi. Walipofika nilikuwa bado nimemshika. Nilikuwa nimemshika vizuri sana. Alikuwa amekwishakufa.

Boti waliivuta siku ya pili. Walivunja ubao wa chini kutoa maji, kwa sababu juu palishindikana.

Siku ya maziko katekista alinipa karatasi ya wasifu wa marehemu. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayeusoma, pale kaburini, watu wote wakisikia. Nikasimama na vidole vyangu vimefungwa bendeji. Nikasoma alivyozaliwa, alivyobatizwa, alivyojifunza ufundi. Nikasoma boti arobaini na tatu, wazee wakatikisa vichwa. Baba mdogo Stephano alikuwa mbele yangu, anaangalia udongo. Nikafika kwenye chanzo cha kifo. Katekista alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: "Boti ilipata hitilafu ghafla. Marehemu, kutokana na maradhi yake, hakuweza kusema lolote."

Nilisimama hapo. Ilikuwa rahisi tu, maneno matatu: alisema, mimi sikusikia. Nikafungua mdomo niyaseme. Watu walidhani nimezidiwa na kilio, mmoja akasema, "Jikaze, Sixbert."

Nikajikaza. "Kutokana na maradhi yake," nikasoma, "hakuweza kusema lolote."

Watu wakaguna kwa huruma. Ephrasia, aliyekuwa amekaa chini na wanawake karibu na jeneza, aliinua uso akanitazama, na hakuuinamisha tena. Nikageuza karatasi, nikasoma idadi ya wajukuu.