Foleni ya Wenye Ishirini

Saa kumi na moja na nusu jioni, siku ya Jumanne, Khiêm alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi wake katikati ya vichanja vya maua, akikaza balbu kwenye waya, moja baada ya nyingine. Vikapu vya maua vilikaa juu ya vichanja, maji yalikuwa chini, na mtumbwi ulipita katikati kama siku zote. Maua yenyewe yalikuwa cúc, yale ya manjano yanayofura kwenye kikapu kama wali uliorundikwa siniani, na kazi ya balbu ilikuwa kuyadanganya. Ua la cúc huhesabu usiku. Usiku ukirefuka hujua mwaka unakwisha, likaanza kutoa matumba. Likiwashiwa taa hudhani bado ni kiangazi, likatulia. Mkulima wa Sa Đéc huzima taa siku aliyoihesabu mwenyewe, ili ua lichanue kwa ajili ya Tết, sikukuu ya mwaka mpya. Likichanua wiki moja baadaye halina mnunuzi.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa mdogo wake, Thắm, akipiga kutoka Wichita, Marekani, alikoolewa na fundi bomba aitwaye Russell.

"Kaka, keti kwanza."

"Niko mtumbwini. Nikiketi nalowa matako. Sema tu."

"Foleni imesogea. Ila haijasogea vya kutosha. Russell amehesabu mara tatu."

Russell ndiye aliyejaza fomu, miaka kumi nyuma. Thắm alipopata uraia, mumewe alisafisha meza ya jikoni, akavaa miwani, akaandika kwa herufi kubwa jina la Khiêm, la mkewe Diệp, na la watoto wao wawili, Quyên aliyekuwa na miaka kumi na Tín aliyekuwa na minne. Fomu ikaingia kwenye foleni ya ndugu. Sasa Quyên alikuwa na miaka ishirini, na mwezi wa kumi na mbili angefikisha ishirini na moja. Sheria ya huko inasema mtoto akifikisha ishirini na moja kabla ya zamu, si mtoto tena. Jina lake linakatwa kwenye karatasi ya baba yake, na wengine wanaendelea. Foleni ilikuwa imebakiza miaka mitano, labda sita.

Quyên alikuwa kwenye mtumbwi wa pili, akipunguza majani. Alisikia yote kwa sababu baba yake hupenda kuweka simu kwenye spika. Alimaliza safu yake, akanawa, akaenda kula wali na mchuzi wa samaki wa ukwaju pamoja na wenzake. Baada ya kula alichukua mkeka na chandarua, akatandika kwenye ubao ulio kati ya vichanja, chini ya balbu, akalala.

Asubuhi Khiêm alimkuta huko.

"Umelala huku?"

"Ndiyo, baba. Taa ikiwaka, usiku hauhesabiki."

"Hiyo ni kwa cúc. Wewe si ua."

"Tutaona," alisema Quyên, akakunja mkeka.

Mwezi wa kumi na mbili ulikuja ukaondoka. Aliyejua wa kwanza ni mama yake, Diệp, kwa sababu ndiye aliyekuwa na mkasi wa kucha. Kila Jumapili alikata kucha za nyumba nzima, na Jumapili nne mfululizo za Quyên hazikuwa na cha kukata. Nywele zilibaki pale pale begani. Damu ya mwezi haikurudi. Diệp alimwambia mumewe wakiwa wanachekecha udongo, naye akasema basi balbu ya pale kwenye ubao asiizime, hata maua yakishauzwa. Hakuizima.

Tết ilipofika, bibi yao aliketi kwenye kiti chake akigawa bahasha nyekundu za kuwapongeza watu kwa umri mpya. Quyên aliinama, akaipokea yake kwa mikono miwili, kisha akairudisha kwa mikono hiyo hiyo miwili.

"Samahani, bibi. Umri wenyewe sijaupata."

Bibi alimtazama usoni, akamgeuza kidogo kuelekea dirishani, akairudisha bahasha mfukoni. "Basi mwakani," akasema. "Haya, mwingine!"

Ikawa hivyo mwaka hadi mwaka. Rafiki yake Lài, waliyesoma dawati moja, aliolewa, akazaa, akazaa tena. Mtoto wa mwisho wa Lài alipoanza kusema, alimwita Quyên dada, na hakuna aliyemsahihisha. Kijana mmoja wa upande wa pili wa mfereji alimsubiri miaka mitatu. Mwaka wa nne alikuja akiwa na mvi mbili tatu, akasema mama yake hataki tena kusubiri. Quyên alimwambia anaelewa, akamchagulia mwenyewe vikapu viwili vizuri vya harusi. Usiku ule alilala chini ya taa kama kawaida, ila mama yake aliona asubuhi kwamba mto ulikuwa umelowa.

Tín aliongezeka umri kama watu wengine. Alipofika miaka ishirini alijipima na dada yake kwenye nguzo ya jiko.

"Sasa tuko sawa," alisema. "Nikuite kwa jina tu. Quyên, hebu nipe chumvi."

"Rudia."

"Quyên, nipe..."

Alipigwa kofi la kisogo lililomwaga wali. "Nilikubeba mgongoni ukinikojolea," Quyên alisema. "Hiyo haijasimama. Sema dada."

"Dada, naomba chumvi."

Wichita nako Russell hakukaa bure. Kila mwaka aliomba picha ya Quyên ameshika kalenda ya mwaka huo. Picha zilipofika sita alizipanga kwenye karatasi moja, sura ile ile, kalenda sita tofauti, akaambatanisha barua: mpwa wa mke wangu ana miaka ishirini, tafadhali tazameni wenyewe. Alijibiwa kwamba barua imepokelewa. Akaandika tena. Akajibiwa kwamba barua imepokelewa. Alimlipa mwanasheria, naye mwanasheria akazitazama picha kwa muda mrefu, akasema hana shaka hata kidogo, lakini sheria husoma cheti cha kuzaliwa na haina macho.

"Mke wangu alingoja, kaka yake akangoja," Russell alimwambia Quyên kwenye simu, Thắm akitafsiri. "Wewe ndiye wa kwanza ninayemwona akikataa. Nimekulipia ada ya usaili pamoja na wenzako. Wakikurudisha, wakurudishe uso kwa uso."

"Ahsante, mjomba. Mwambie nitavaa vizuri, shangazi."

Siku ya usaili ilipofika waliondoka Sa Đéc kwa basi la alfajiri. Siku chache nyuma walikuwa wamepimwa afya Saigon, kwenye kliniki waliyoelekezwa. Daktari alipiga picha kifua cha Quyên, akamkagua meno, akambonyeza viungo vya mkono, akaandika kwenye fomu yake: mwili wa miaka ishirini, afya njema. Aliitia bahasha muhuri, akamwambia ale nyama zaidi.

Kwenye ofisi ya viza waliitwa dirisha la tano. Nyuma ya kioo kulikuwa na afisa mwanamke, kijana, mwenye kikombe cha chai, na mkalimani wa Hanoi aliyezungumza kama anasoma taarifa ya habari. Afisa alimuuliza Khiêm jina la dada yake, mahali alipofungia ndoa, na kazi ya shemeji. Khiêm alijibu yote. Tín aliulizwa shule. Diệp hakuulizwa kitu. Kisha afisa akafungua bahasha ya daktari, akasoma, akamtazama Quyên.

"Naona una miaka ishirini," alisema kupitia kwa mkalimani.

"Ndiyo, bibi."

"Sibishani na hilo. Daktari wetu ameandika, na nina macho. Lakini hapa kwenye kompyuta una ishirini na sita. Tukitoa na miezi ambayo fomu ilikaa mezani kwetu, bado una ishirini na tano."

"Basi mpeni viza huyo wa ishirini na tano," Quyên alisema. "Mimi nitamsindikiza."

Mkalimani akatafsiri. Afisa hakucheka.

"Huyo amezidi umri."

"Mimi sijazidi."

"Wewe hatuna faili lako."

"Nimesimama hapa mbele yako. Miaka sita nimelala kwenye ubao, mbu wananijua kwa jina. Andika tu. Ni tarakimu mbili."

"Siruhusiwi kuandika ninachokiona," alisema afisa, na alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza choo kiko wapi. Aligonga muhuri mara tatu. Mara ya nne alichukua karatasi ya rangi nyingine, akaweka alama kwenye kisanduku, akaisukuma chini ya kioo.

Nje, Khiêm alisema haendi popote. Aliketi kwenye ukingo wa barabara akavua viatu ili ieleweke. Diệp alisema kama mume haendi naye haendi. Tín alisema yeye atakaa na dada.

"Nyamazeni," alisema Quyên. "Viza inaishi miezi sita. Msipoitumia inakufa, mnarudi mkiani mwa foleni, na Tín anakatwa kama mimi. Mnataka wakate wawili kwa bei ya mmoja? Baba, vaa viatu. Watu wanatazama."

"Nitakuachaje?"

"Kwa ndege. Si ndiyo njia?"

Khiêm alivaa kiatu kimoja, akalia, akavaa cha pili.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama anayeuza maji ya miwa, na mbele ya mashine yake viti vidogo vya plastiki, kama thelathini. Vyote vilikaliwa na vijana. Quyên alipokwenda kuwanunulia wenzake maji, kijana mmoja alisogea akampa nusu ya kiti.

"Karatasi ya rangi gani?" kijana aliuliza.

Quyên alimwonyesha.

"Kama yangu. Mimi Phát, wa Bến Tre. Kwenye faili nina arobaini na moja."

Quyên alimtazama. Alikuwa na ndevu chache changa, na chunusi moja kidevuni. "Umetumia nini?"

"Barafu. Nafanya kazi kiwandani, nalala katikati ya vipande. Yule pale mwenye kofia ni fundi cherehani wa Mỹ Tho, kila jioni anafumua alichoshona mchana. Ana thelathini na tatu kwao, kwetu ana ishirini. Wewe?"

"Taa za cúc."

"Mna joto, nyie," alisema Phát kwa wivu kidogo. "Mama, mgeni huyu! Mwongezee limau."

"Na mnafanya nini hapa?"

"Jumatatu tunapanga foleni. Tunaingia, tunasema umri wetu, wanasema wao, tunatoka. Maafisa wanabadilishwa kila baada ya muda. Nimeshawaona saba wakija na nywele na wakiondoka na vipara. Sisi tupo."

Familia iliondoka mwezi wa tano. Thắm na Russell waliwapokea Wichita na makoti manne, kwa sababu Russell alikuwa amenunua manne. Wiki ya kwanza tu Russell alimketisha Khiêm mezani, akajaza fomu nyingine, ya baba mhamiaji kumwombea binti mtu mzima asiyeolewa. Foleni hiyo nayo ina miaka yake, tisa kwa makadirio, na ndani ya hiyo tisa binti haruhusiwi kuolewa. Quyên aliambiwa kwenye simu.

"Ipelekeni," alisema. "Ila mimi siyo mtu mzima huyo. Mkimpata, mnisalimie."

Shamba alilitunza yeye na Lài. Jumatatu ya kwanza baada ya kuuza maua, aliacha funguo kwa Lài, akapanda basi la alfajiri, akafika Saigon kabla jua halijawa kali. Mlinzi wa getini alikuwa anawajua wote, na kwa kuwa mstari ulikuwa mrefu, siku hiyo alikuwa amewatolea benchi. Dirisha la tano lilikuwa na afisa mpya, mwanamume mwenye shingo nyekundu ya jua, wiki yake ya pili nchini.

"Umri?" aliuliza mkalimani.

"Ishirini."

Afisa alimtazama vizuri, akaitikia kwa kichwa, akaandika ishirini na saba.

"Umekosea," alisema Quyên. "Jumatatu ijayo utarekebisha."

Alichukua karatasi yake, akampisha Phát, ambaye tayari alikuwa amesogea kwenye kioo na kuvua kofia, akisema ishirini kwa sauti kabla hajaulizwa.